Kiinua mgongo na gari la kulala safarini: jibu kwa mstaafu wa Nyegezi

Swali la msomaji: Mimi na mke wangu tunaishi Nyegezi, Mwanza. Nimestaafu mwaka huu na nyumbani tumebaki wawili. Watoto wetu wako Musoma, Bukoba na Dodoma, na tungependa kutumia miaka hii kuwatembelea na kuiona nchi, kuanzia Serengeti hadi Rubondo. Mke wangu ana kisukari na anatumia insulini. Mimi nina maumivu ya mgongo na vitanda vya kukodi vinanitesa. Nimeona magari kutoka Japani yenye kitanda, jiko na choo ndani, na fundi mmoja ameniambia anaweza kuigeuza Kosta, lile basi dogo la abiria, iwe nyumba. Je, ni busara kutoa sehemu ya kiinua mgongo kwa gari la namna hiyo, au tuendelee na gari dogo tulilonalo na kulala kwenye nyumba za wageni?

Jibu:

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama. Fedha unayoizungumzia hailipwi mara mbili, kwa hiyo nitakueleza kwanza ninavyoona, kisha nitatoa sababu, ili uweze kunipinga pale ambapo hali yenu inatofautiana na ninavyoidhania. Kosta iliyogeuzwa nyumba sikushauri. Gari lililojengwa Japani kwa ajili ya kulala linafaa kwa masharti ambayo wanunuzi wengi huyajua gari likiwa limeshafika. Kinachowafaa ninyi wawili, endapo hesabu nitakayoieleza itakubali, ni Hiace ya kawaida, lile gari la abiria dogo kuliko Kosta, yenye kitanda kinachoondoleka, friji ndogo na umeme wa jua, yaani gari ambalo mkirudi nyumbani litaendelea kuwapeleka hospitali, sokoni na kanisani au msikitini.

Wengi wanaoniuliza juu ya magari haya huanza na bei ya kununua. Bei hiyo ni muhimu, lakini kinachoamua ni idadi ya usiku mtakaolala ndani ya gari kwa mwaka, ikipimwa dhidi ya fedha ambayo gari litaitumia hata likiwa limesimama uani. Tuchukue mfano wa kubuni, nawe uweke bei utakazopewa mwenyewe. Tuseme Kosta imenunuliwa kwa shilingi milioni 55 na kazi ya kuigeuza ikagharimu milioni 20. Baada ya miaka 8 mkiiuza kwa milioni 35, mtakuwa mmepoteza milioni 40, sawa na milioni 5 kila mwaka. Ongeza bima, huduma ya injini, matairi, betri na kodi ndogondogo, tuseme milioni 3 kwa mwaka. Hizo ni milioni 8 kila mwaka kabla hamjanunua lita moja ya dizeli. Mkilala humo usiku 20, kila usiku umewagharimu shilingi 400,000. Kama chumba safi chenye choo ndani mnakipata kwa shilingi 60,000, basi ingewapasa kulala kwenye Kosta hiyo zaidi ya usiku 130 kwa mwaka ndipo ilingane na nyumba ya wageni. Hiyo ni zaidi ya miezi minne barabarani kila mwaka, na sidhani kama ndiyo maisha mnayoyapanga.

Katika hesabu hiyo sijaweka faida ambayo milioni 75 zingewapatia zikikaa kwenye hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu. Kwa mstaafu, faida hiyo ni mshahara mdogo unaoendelea kuingia, na kuuacha ni gharama halisi ingawa haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Sasa niulize jambo ambalo mafundi hawaliulizi: mtalala wapi hasa? Safari zenu nyingi zinaishia kwa watoto. Ukifika Musoma kwa mwanao, ukaegesha uani na kusema mtalala garini, mkwe wako atajiuliza amekosa nini. Kwetu Kanda ya Ziwa mzazi anapokuja hupewa chumba kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba, na kukikataa kunahitaji maelezo marefu. Kwa hiyo usiku wa Musoma, wa Bukoba na wa Dodoma uondoe kwenye hesabu, isipokuwa mtakapoamua kukaa muda mrefu kiasi kwamba kuwa na malazi yenu wenyewe kutawapunguzia wenyeji mzigo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wazazi wanaotaka kukaa wiki tatu karibu na wajukuu bila kumhamisha mtu chumbani wanaweza kuona faida ya kitanda chao nje, mradi jambo hilo lizungumzwe mapema na kwa upole.

Yako mazingira mengine ambamo gari la kulala linatoa msaada ambao nyumba ya wageni haiwezi kuutoa, na hayo huachwa kwa sababu picha za matangazo huonyesha mbuga na machweo tu. Nazungumzia misiba na harusi za vijijini. Mtu wa umri wako huitwa kwenye misiba mingi, huko Magu, Sengerema, Kwimba au Ukerewe, ambako waombolezaji ni wengi kuliko mikeka na hakuna nyumba ya wageni karibu. Kijana atalala chini kwenye turubai. Wewe mwenye mgongo mbovu, na mkeo anayepaswa kula kwa saa na kuchoma sindano mahali safi, mtateseka au mtaondoka usiku, na kuondoka usiku ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu barabara zetu gizani zina ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika bila alama. Gari lenye godoro zuri linawawezesha kubaki na wafiwa hadi mazishi yaishe, kisha kusafiri mchana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yenye uzito mkubwa kwa watu wa rika lenu, na ni haki kuihesabu.

Suala la insulini nalitenga, kwa sababu naona limechangia sana kukusogeza kwenye wazo la gari lenye kila kitu. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 na haipaswi kuganda. Ile inayotumika hukaa kwenye joto la kawaida la chumba kwa wiki nne hivi, kulingana na maelekezo ya aina yake, ambayo mfamasia wenu atawathibitishia. Gari lililofungwa vioo na kusimama juani huweza kupita nyuzi 50 ndani ya muda mfupi, na joto hilo huiharibu dawa bila kubadilisha sura yake. Haja hii ni ya kweli, lakini kinachoitimiza ni friji tu. Friji ndogo ya volti 12, ya aina inayotumia kompresa, inaweza kufungwa ndani ya gari dogo mlilonalo leo, ikapewa betri yake ya pili, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya fedha tunazozijadili. Hata kama mtaamua kutonunua gari jipya kabisa, hilo lifanyeni. Muwe tu na kipimajoto ndani yake, na dawa isiguse ukuta wa friji unaogandisha.

Nije kwenye magari yenyewe.

Kosta inavutia kwa sababu mtu anasimama wima ndani yake na spea zake zipo Mwanza nzima. Kasoro zake huanza kwenye uzito. Kosta nyingi zina uzito wa juu unaoruhusiwa unaozidi tani 3.5, na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayataka magari ya kiwango hicho kuingia mizani. Maana yake ni kwamba safari ya Dodoma, kupitia Shinyanga, Nzega na Singida, itakuwa safari ya kupanga foleni na malori, na kikomo chenu cha mwendo kitakuwa kilomita 80 kwa saa hata pale ambapo gari dogo linaruhusiwa kwenda zaidi. Mkia wake ni mrefu nyuma ya matairi, hivyo hukwaruza kwenye matuta makali na kwenye ngazi ya kivuko. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, njia ya Geita, Chato na Bukoba haina tena foleni ya kivuko, na hilo ni jema kwa gari lolote. Hata hivyo kwenda Ukerewe kupitia Kisorya bado ni kwa kivuko, na huko nauli hupanda kwa kadiri ya ukubwa wa gari. Dizeli nayo ni jambo la kila safari: tarajia Kosta iliyobeba nyumba ndani yake itumie lita moja kwa kilomita 6 au 7, wakati Hiace ya dizeli iliyopakiwa kwa kiasi inaweza kukaribia kilomita 10.

Kuna pia tatizo la mikono ya fundi. Mafundi wetu wa bodi ni hodari wa kuchomelea chuma, lakini wengi hujenga makabati ya gari kama wanavyojenga makabati ya sebuleni, kwa mbao nzito na vigae. Ubao mmoja wa plaiwudi wa milimita 18, wa futi 4 kwa 8, una kilo kama 30. Weka mbao kumi, tenki la maji la lita 150, betri mbili za asidi na mitungi ya gesi, halafu vyote viwe upande mmoja, na gari litainama kwenye kona na kula matairi ya upande huo. Mnunuzi wa baadaye naye huiona kazi hiyo kama kasoro ya kuondolewa. Kosta yenye viti inauzika kwa wiki chache kwa mtu wa daladala au shule. Kosta yenye sinki na choo itamsubiri mtu mmoja mwenye ndoto kama yako.

Magari ya kulala yaliyojengwa Japani yana kazi nzuri zaidi, mepesi na yenye mpangilio, na usukani wake uko kulia kama yetu huku mlango wa abiria ukifungukia kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Nataja mlango kwa sababu magari mengi ya Ulaya bara yamejengwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na mlango wake wa makazi ukilileta gari hapa unafungukia katikati ya barabara yenye magari, jambo ambalo kwa mke wako anayeshuka taratibu ni hatari ya kila siku. Hata hivyo gari la Japani lina mtego wake: umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Chaja, mikrowevu na kiyoyozi kilichofungwa ndani kwa umeme wa Japani kitaungua siku ya kwanza mtakapochomeka waya kwenye soketi ya nyumbani, isipokuwa fundi umeme awe amebadilisha chaja au amefunga transfoma ya kushusha volti. Viungio vya gesi vya huko pia havikai kwenye mitungi yetu, na regyuleta, yaani kidhibiti cha msukumo wa gesi, lazima ibadilishwe na mtu anayejua. Upande wa kodi, kumbuka kwamba Mamlaka ya Mapato (TRA) hukokotoa ushuru kwa thamani ya gari pamoja na usafirishaji, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 huwekwa juu ya jumla iliyokwisha kubeba ushuru mwingine, na magari yenye umri mkubwa huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu. Magari ya kulala yanayouzwa kwa bei nafuu huko mara nyingi ni ya zamani. Pata makadirio ya wakala wa forodha kwa maandishi kabla ya kutuma fedha yoyote.

Hiace ninayoipendekeza haina haja ya kuagizwa ikiwa nyumba. Chagua yenye bodi ndefu na, ikiwezekana, paa la juu, ya dizeli, na viti vya mbele pamoja na safu moja ya nyuma vibaki. Nyuma ya safu hiyo jengewa kitanda cha fremu nyepesi ya mabomba ya mraba, kilichofungwa kwa boliti kwenye matundu ya viti yaliyopo, chenye godoro la inchi 5 au 6 lililokatwa kwa vipimo vya gari na lenye ugumu ambao mgongo wako unauvumilia. Lilalie dukani kabla ya kulipa. Chini ya kitanda kuna nafasi ya friji, maji na mizigo. Siku mkihitaji kubeba watu kwenda harusini, boliti zinafunguliwa na viti vinarudi. Kwa kazi ya namna hii, gharama ya ziada kwa mwaka, kwa kuwa gari lenyewe mngelitumia hata hivyo, inaweza kuwa kama milioni 2.4 kwa mfano wetu ule ule, na hapo usiku 40 tu kwa mwaka unatosha kulingana na nyumba ya wageni. Usiku 40 ni idadi ambayo wazee wawili wenye afya ya kiasi wanaweza kuifikia bila kujilazimisha.

Kabla ya kuondoa kiti chochote, nenda TRA na kwa askari wa Usalama Barabarani uulize namna mabadiliko yanavyoandikwa kwenye kadi ya gari, na uieleze kampuni ya bima kwa barua. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli uliotangazwa, na kampuni inayogundua baada ya ajali kwamba gari lina jiko la gesi ambalo haikuambiwa ina sababu ya kukataa kulipa. Kwa gari kama hili chukua bima kubwa, na uliza kama vitu vya ndani vimo.

Umeme unahitaji kuelezwa vizuri, maana ndipo watu wanapotapeliwa zaidi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iliyolala juu ya paa hupata jua vizuri mwaka mzima bila kuinamishwa. Paneli ya wati 200 katika siku ya kawaida itawapa, baada ya upotevu wa joto na nyaya, wati-saa kama 700, yaani kiasi cha umeme kinachokusanywa kwa siku. Friji ndogo kwenye joto letu inaweza kutumia 400 kati ya hizo, na zinazobaki zinatosha taa, simu na feni ndogo. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati inatumika karibu yote, ina uzito chini ya nusu ya ile, na bei yake iko juu. Kwa ninyi wawili betri moja ya lithiamu, paneli moja na kidhibiti chaji kizuri, yaani kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye betri, vinatosha. Pasi, birika la umeme na kiyoyozi viacheni nyumbani. Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, kwa sababu moto wa magari haya unaweza kuanzia kwenye waya uliochubuka ndani ya bodi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye sanduku lililofungwa upande wa ndani na lenye tundu chini la kutolea hewa nje ya gari, au bora zaidi mpike nje kabisa chini ya turubai la pembeni. Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata usiku wa baridi ya Dodoma. Moshi usioonekana wa mkaa huua watu wakiwa usingizini bila kuwaamsha.

Choo cha ndani ni hoja yenye nguvu kwa watu wa umri wenu wanaoamka usiku, hasa mwenye kisukari. Choo kidogo cha kubebeka chenye chombo cha lita 20 kinatosha watu wawili kwa siku mbili au tatu. Swali ni mtakimwaga wapi. Huko Marekani, Ulaya na Australia magari haya yamestawi kwa sababu kuna viwanja vya kambi vyenye maji, umeme na sehemu maalumu ya kumwaga maji machafu kila baada ya mwendo mfupi. Sisi viwanja vya namna hiyo ni vichache mno, na hilo ndilo linalofanya magari makubwa yenye bafu na matenki kuwa mzigo hapa. Mtakimwaga kwenye choo cha shimo au cha tenki la maji taka, kwa ruhusa ya mwenyewe, na wala si ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea ziwani, ambako watu huchota maji ya kunywa.

Kuhusu ziwa lenyewe, kuegesha ufukweni kuna uzuri wake, na siwezi kukunyima asubuhi ya Ghuba ya Speke kule Lamadi, ambako kuna maeneo ya kambi yanayopokea wageni karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Ila mjue kichocho kipo kwenye maji ya kandokando, hasa penye magugu na konokono. Msioge humo. Maji ya ziwa ya kuoshea vyombo yachemsheni, au yakae kwenye ndoo iliyofunikwa kwa saa 48 ndipo vijidudu vya kichocho vife. Ya kunywa yachemsheni siku zote. Madirisha yawe na wavu unaobana vizuri, kwa ajili ya mbu wa malaria na vijidudu vile vya ziwani vinavyoinuka kama wingu na kujaa penye taa.

Mkilala kijijini, fikeni kabla ya magharibi na mwende kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji mkajitambulishe. Usukumani sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, bado wapo, na gari geni lililozimwa taa pembeni mwa malisho ya ng'ombe linaleta maswali ambayo ni rahisi kuyajibu saa kumi na moja jioni kuliko saa saba usiku. Fukwe nyingi zina mwenyewe, au ziko chini ya kikundi cha usimamizi wa mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, nao huulizwa pia. Njiani kwenda Dodoma, vituo vya mafuta vyenye walinzi na hosteli za makanisa vinafaa kwa usiku mmoja, na ukiomba kwa heshima mara nyingi utaelekezwa mahali penye mwanga.

Serengeti ina taratibu zake. Mtaingilia Ndabaka, mtalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na ada ya gari huenda kwa uzito wake, sababu nyingine ya kupendelea jepesi. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kulala popote mnapotaka. Mtalala kwenye kambi iliyotengwa na mliyoilipia, na mwendo wa usiku umekatazwa. Kambi za Seronera, katikati ya hifadhi, hazina uzio, fisi hupita kati ya mahema, na hapo bodi ya chuma ina faida ya wazi juu ya hema. Lakini ukanda wote wa magharibi kutoka Ndabaka una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua moja kubwa huugeuza kuwa tope la kunasa hata magari ya kuendesha matairi yote manne. Hiace inayosukumwa na matairi mawili tu iende kati ya Juni na Septemba, na hata hapo muulize askari wa langoni juu ya barabara. Mkitaka kwenda miezi ya mvua, kodini gari la watalii na dereva wake, na lenu libaki Lamadi. Rubondo ni kisiwa, kwa hiyo gari litabaki bara, upande wa Nkome au Kasenda, nanyi mtavuka kwa boti. Huko gari la kulala halina kazi, panga malazi ya hifadhi.

Ninachokuomba ufanye kwanza hakihitaji kiinua mgongo. Kodi Hiace kwa wiki moja wakati wa kiangazi, toa viti vya nyuma kwa ruhusa ya mwenyewe, weka godoro lenu wenyewe na friji ya kuazima, mwende Musoma kupitia Lamadi na Butiama, na mrudi. Usiku wa kwanza utawapa furaha na hautawafundisha mengi. Angalieni usiku wa nne, mkeo akiwa amechoka na maji yamepungua, na mwulize yeye kwanza kabla hujasema lako, kwa sababu katika magari haya mmoja ndiye huota na mwingine ndiye huosha vyombo kwenye beseni. Akisema ndiyo kwa moyo wake, njoo tuzungumze vipimo.

Na mkishafika kwa fundi, muelewane kwa maandishi juu ya uzito. Gari lipimwe tupu kabla ya kazi na lipimwe tena kazi ikiisha, likiwa na maji, gesi, betri na ninyi wawili ndani. Malipo ya awamu ya mwisho yatolewe baada ya karatasi ya mizani kuonyesha kwamba mko chini ya uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari, na matairi ya kushoto na kulia yanabeba karibu sawa.